Mtoto wa kilo 11.8 mgongoni: mbeleko ya mikanda inanitia ganzi, naomba ushauri

Mama Imani, Lushoto

Wapendwa, habari za leo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Lushoto, na mwanangu wa kiume ametimiza miezi 19. Wiki iliyopita alipimwa kliniki akawa na kilo 11.8. Kila asubuhi nampeleka kwa mama mkwe wangu, mwendo wa dakika kama 40 kwa miguu, kwanza mteremko hadi kijitoni, kisha mwinuko mrefu wa njia nyembamba ambayo haipiti gari. Alipokuwa mdogo nilimbeba kwa kanga bila shida yoyote, lakini siku hizi kanga inalegea kabla sijafika nusu ya safari. Ndipo wifi yangu akanipa mbeleko ya kisasa, ile laini ya kitambaa yenye mkanda mpana wa kiunoni, mikanda miwili ya mabegani iliyotiwa sifongo, na mkanda mfupi unaoiunganisha kifuani. Aliinunua kwenye mitumba, kwa hiyo haikuja na karatasi ya maelekezo, ila lebo iliyoshonewa ndani inasema inafaa hadi kilo 15.

Shida yangu ni hii. Nikifika shuleni vidole vya mkono wa kulia vimekufa ganzi, na juzi chaki ilinidondoka mara mbili nikiwa naandika ubaoni. Mtoto naye huanza safari akiwa juu, halafu anashuka kidogo kidogo mpaka kiatu chake kinanigonga nyuma ya paja kila ninapopiga hatua. Isitoshe, mume wangu huondoka saa 11 alfajiri, hivyo hakuna wa kunisaidia kumpandisha, na kumrusha mgongoni peke yangu kunanitia hofu kubwa. Je, mtoto amekuwa mzito kupita kiasi, au mimi ndiye ninayeifunga vibaya?

Mama Wawili

Pole sana dada. Kwa miezi 19 mwache atembee. Wangu alikuwa anatembea mpaka dukani akiwa na umri huo.

Mama Imani, Lushoto

Asante dada yangu. Penye tambarare anatembea, na ninamwacha atembee. Ila ule mwinuko asubuhi una umande na utelezi, na kwa hatua zake tungefika saa nne wakati kipindi cha kwanza kinaanza saa mbili.

Bibi wa Makete

Mwanangu, pole na safari. Nimebeba watoto wangu sita na wajukuu, tena kwenye baridi ya huku ambako mtoto anabebwa na blanketi juu yake. Hicho kiatu kinachokugonga pajani kimeshakupa jibu. Mtoto aliyebebwa vizuri makalio yake hukaa juu ya kiuno chako, na kichwa chake kinafika begani kwako ili aone njia. Akishuka hadi makalio yake yakae juu ya yako, anakuvuta kwa nyuma, nawe unajikaza kwa mabega usianguke chali.

Sisi tulifundishwa kuinama hadi mgongo ulale kama meza, mtoto akalala juu yake akiwa amekukumbatia kwa miguu, na tukafunga tukiwa tumeinama vilevile. Ukisimama kabla hujamaliza kukaza, ameshashuka. Sidhani kama mbeleko yako ya mikanda inatofautiana na yetu kwa jambo hilo. Na kuhusu kanga, ni nyepesi kwa mtoto wa uzito huo. Ukitaka kurudi kwenye kitambaa, tafuta kitenge kizito, na upindo wake wa chini upite chini ya makalio hadi nyuma ya magoti.

Fiziotherapia, Moshi

Shikamoo bibi, umesema kweli tupu. Mwalimu, mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya misuli na viungo kwa mazoezi, na akina mama wenye malalamiko kama yako ninakutana nao mara kwa mara. Kilo 11.8 ni uzito wa kawaida kwa mtoto wa kiume wa umri huo, na ziko ndani ya kiwango cha lebo yako. Kinachonitia shaka ni mahali uzito huo ulipotua. Katika mbeleko ya aina hiyo sehemu kubwa ya mzigo inapaswa kubebwa na mkanda wa kiunoni, na mikanda ya mabegani ibaki na kazi ya kumweka mtoto karibu na mgongo wako. Wewe naona mzigo umehamia mabegani, na mkanda wa kulia unabana karibu na kwapa, mahali inapopita mishipa ya fahamu inayoshuka mkononi. Ganzi ya vidole mara nyingi hutoka hapo.

Jaribu kuifunga upya kwa utaratibu huu. Mkanda wa kiunoni uanze juu zaidi ya ulivyozoea, usawa wa kitovu au juu yake kidogo, na uukaze kabla mtoto hajapanda, kwa sababu akishapanda huwezi tena kuukaza ipasavyo. Mtoto akiwa mgongoni nawe umeinama mbele, vuta mikanda ya mabegani mmoja baada ya mwingine, kidogo kidogo, huku ukimwinua kwa kuruka nusu hatua ili makalio yazame ndani ya kitambaa. Mwishoni funga ule mkanda mfupi wa kifuani, usawa wa makwapa, uivute mikanda ya mabegani ije katikati na kuacha makwapa huru. Ukifunga huo wa kifuani chini sana utabana matiti na hautasaidia kitu.

Sasa mtazame mtoto mwenyewe. Kitambaa kinapaswa kumshika kutoka goti hadi goti, magoti yakiwa juu kidogo kuliko makalio, kama chura aliyekaa. Ukiona mapaja yanachungulia nje na miguu inaning'inia wima, kiti, yaani sehemu ya kitambaa anayokalia, ni chembamba kwake, na hata ukaze vipi atashuka. Je, pembeni mwa kiti, chini karibu na mkanda wa kiuno, kuna vishikizi au sehemu iliyokunjwa? Mbeleko nyingi za aina hiyo zina namna ya kupunguza kiti kwa ajili ya mtoto mchanga, na aliyeitumia kabla yenu huenda aliiacha hivyo.

Jambo moja nalisisitiza. Ganzi ikiendelea hata siku usiyombeba, au ukapata maumivu yanayoshuka mguuni, au mkojo ukakutoka unapombeba, au ukahisi uzito sehemu za chini kama kitu kinataka kushuka, acha kubeba na uende hospitali upimwe.

Baba Mapacha

Mwalimu, nami nachangia kuhusu kumpandisha, kwa kuwa nimebeba mapacha wangu kwa zamu hadi walipokaribia miaka mitatu. Usimrushe. Tumia kitanda. Funga mkanda wa kiuno huku mbeleko ikining'inia kwa nyuma, kisha uitandaze kitandani na ukae ukingoni umpe mtoto mgongo. Mwite aje akae juu ya kitambaa, akukumbatie mgongo kwa miguu yote miwili. Pandisha kitambaa juu ya mgongo wake, ingiza mikono kwenye mikanda ya mabega, egemea mbele ndipo usimame ukiwa umeinama. Akikuteleza, anaangukia godoro. Mtoto wa umri wake anajifunza haraka, wangu walifika mahali wakawa wanapanda wenyewe wakisikia bizimu, kile kifungio cha mkanda, inalia.

Na kwa kuwa ni ya mtumba, kabla ya yote kagua mshono pale mkanda wa bega unapoungana na kitambaa, pande zote mbili. Uvute kwa nguvu zako zote ukiwa umekanyaga upande wa pili. Chunguza pia bizimu, kwa sababu plastiki iliyokaa juani hupata nyufa nyembamba ambazo huzioni mpaka uigeuze kwenye mwanga. Ukikuta ufa, usimpandishe mtoto humo hata kwa hatua kumi.

Mama Imani, Lushoto

Nimerudi baada ya siku tisa. Mshono ni mzima na bizimu hazina ufa. Lakini Fiziotherapia, ulichouliza ndicho nilichokikuta: chini ya kiti kulikuwa na vishikizi viwili kila upande, vimefungwa na kufunikwa na pindo la kitambaa, nami kwa miezi miwili sikuviona. Nilipovifungua kiti kilipanuka kwa kiasi cha viganja viwili, na sasa kitambaa kinafika nyuma ya magoti yake.

Siku mbili za kwanza nilizunguka uani tu kwa robo saa, na mkanda wa kiuno nikaupandisha hadi juu ya kitovu. Bibi, nilipoinama kama meza ulivyoelekeza nilimsikia akikaa juu, na kidevu chake kikagusa bega langu. Tangu Jumatatu nimekwenda safari nzima. Kiatu hakinigongi tena, na vidole vina uhai ninapoandika. Baba Mapacha, kitandani anapanda akicheka.

Limebaki moja. Tukifika kijitoni huwa amesinzia, na kichwa kinalala nyuma. Nifanyeje?

Fiziotherapia, Moshi

Nimefurahi sana, Mwalimu. Tazama kama juu ya mbeleko kuna kofia ya kitambaa yenye kamba mbili. Ivute juu ya kichwa chake na uzifunge kamba kwenye mikanda ya mabega, lakini uso ubaki wazi na ageukie pembeni. Kama haipo, simama hapo kijitoni, inama, mpandishe tena na ukaze mikanda ya mabega kidogo, kwa maana aliyelala hulegea na hushuka.

Bibi wa Makete

Na umvalishe soksi ndefu mwanangu. Miguu ikiinuka hivyo suruali inapanda, na mashavu ya miguu yanapigwa na umande wa asubuhi.