Ngazi tatu hakuna rampu (njia ya mteremko ya kupitisha wilchea), fundi anasema mita moja na nusu inatosha. Kweli?

mtoto_wa_bimkubwa: Habari zenu wadau. Bi mkubwa wangu alikatwa mguu mwaka jana sababu ya sukari, sa hivi anatumia wilchea. Juzi nimempeleka ofisi moja hapa mjini kufuatilia mafao yake, tunafika mlangoni ngazi tatu, ikabidi vijana wawili wa bodaboda wambebe juu juu na wilchea yake, kanga ikamdondoka mbele za watu. Hakusema kitu, ila usiku akaniambia basi hayo mafao wakae nayo. Nimerudi kumuona mkuu wa pale, mstaarabu tu, kasema hela kidogo ipo nilete fundi, nikampeleka, kaangalia dakika mbili kasema kaka mita moja na nusu inatosha, tunapiga na tailizi inapendeza. Naomba wenye uzoefu, rampu inatakiwa iwe na urefu gani? Na ile asilimia 2 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa watu wenye ulemavu haiwezi kusaidia hapa?

FundiZege: Huyo anataka kumuua mama yetu, samahani kwa lugha. Kanuni ni 1 kwa 12, kila sentimita moja ya kwenda juu unaipa sentimita 12 za kwenda mbele. Ngazi tatu za sentimita 15 ni 45, zidisha mara 12 unapata mita 5 na sentimita 40. Hiyo mita moja na nusu ni ya kupandishia pikipiki kwenye fuso. Na tailizi achana nazo kabisa, mvua ikinyesha ni utelezi mtupu, piga zege la kawaida na kabla halijakauka pitisha fagio gumu likwaruze. Pembeni inua ukingo wa tairi lisichomoke, weka na bomba za kushikia. Halafu pale juu mlangoni acha sehemu ya flati mita 1.5 kwa 1.5, wengi wanasahau hapo, mtu anahangaika kupanda akifika mlango unafungukia nje unamrudisha alikotoka 😅

Matairi4: Mimi niko kwenye wilchea mwaka wa 14 huu. Asilimia 2 ni mikopo ya vikundi vyetu, ile isiyo na riba, haijengi rampu ya ofisi ya mtu. Hiyo ni kazi ya mwenye jengo, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo toka 2010 na inataka majengo ya umma yafikike, kwahiyo usiombe kama msaada. Ila rampu peke yake ni nusu ya kazi. Kuna ofisi ina rampu nzuri kweli kweli, chini wamepaki boda na mwenye mihogo kaweka jiko lake. Ukiingia ndani mlango wa choo sentimita 60, wilchea yangu ina 66, sasa hizo 6 niziache wapi? Siku hizi nikiwa na safari ya ofisini sinywi maji toka asubuhi. Dar mwendokasi angalau vituo viliinuliwa usawa wa sakafu ya basi, unaingia mwenyewe bila kubebwa na mtu. Fundi akianza nenda na mama, ajaribu kujisukuma mwenyewe, wewe usiguse.

dada_wa_kiziwi: Na viziwi msiwasahau jamani. Mdogo wangu kakaa kituo cha afya toka saa mbili asubuhi mpaka saa nane, wanaita majina dirishani, jina lake lilishapita kitambo. Ubao na chaki waandike namba, bei gani hiyo?

mtoto_wa_bimkubwa: Asanteni sana. Nimeenda na futi leo, kweli ni sentimita 45. Shida mbele kuna mita 4 tu, baada ya hapo ndo anapopaki mkuu.

FundiZege: Ikunje kama L, kwenye kona weka flati tena 1.5 kwa 1.5. Au mkuu ahamishe gari.

Matairi4: Ahamishe gari.