Mswada wa Fedha wa 2024 ulikufa, lakini je, mzigo wa ushuru uliondoka?

Mwenye Duka (Nakuru) anauliza:

Ndugu zangu, ninaomba maoni yenu kuhusu jambo ambalo wateja wangu hubishania dukani karibu kila jioni, nami sijapata jibu la kuniridhisha. Mwezi Juni 2024 vijana waliingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, uliopendekeza ushuru mpya, na tarehe 25 wakaingia hadi ndani ya Bunge. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilirekodi vifo vya zaidi ya watu 50 katika maandamano hayo. Kwa gharama kubwa namna hiyo, mtu angetarajia kwamba maisha yangepata nafuu.

Ninayoyaona mimi ni mengine. Mkate wa gramu 400 haukuwekewa VAT (ushuru wa ongezeko la thamani), na hilo ninalishukuru, kwa sababu mkate wa shilingi 65 ungefika shilingi 75 na wateja wangu wengi wangerudia mandazi. Hata hivyo, anayeniletea bidhaa hulalamikia bei ya mafuta kila tunapoonana, na mwalimu wa shule jirani, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akichukua vitu kwa daftari na kulipa vyote mwisho wa mwezi, siku hizi hulipa nusu na kuniomba nimvumilie kwa nusu iliyobaki. Ananiambia mshahara wake haujapunguzwa, ila kinachomfikia mkononi ndicho kilichopungua.

Je, tulishinda, au tulibadilishiwa tu jina la mzigo? Tena, tukielekea uchaguzi wa Agosti 2027, ni jambo gani hasa la kumuuliza mgombea badala ya kumpigia makofi anapoahidi kufuta ushuru?

Mhasibu wa Ziwani anajibu:

Ndugu Mwenye Duka, anzia kwenye hesabu yenyewe. Mswada ule ulikusudiwa kuleta takriban shilingi bilioni 346. Ulipoanguka, Rais alitangaza mapema Julai 2024 kwamba pengo hilo lingezibwa kwa njia mbili: kupunguza matumizi kwa shilingi bilioni 177 na kukopa shilingi bilioni 169. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya ushuru tulioukataa iligeuka kuwa deni, na deni ni ushuru ambao tarehe yake ya kulipwa imesogezwa mbele na riba ikaongezwa juu yake. Hilo halina maana kwamba vijana walikosea. Lina maana kwamba mjadala ulisimama pale ambapo ulipaswa kuanza, yaani ni matumizi gani yapunguzwe na ni nani aamue.

Kuhusu mafuta, mwezi huo huo wa Julai ada ya matengenezo ya barabara ilipanda kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 kwa kila lita. Ada hiyo haikuhitaji Mswada wa Fedha; ilipitishwa kwa tangazo la waziri, wakati macho ya nchi nzima yalikuwa bado yako mitaani. Mwaka 2025 serikali ilichukua shilingi 7 za kila lita na kuziweka rehani ili kupata shilingi bilioni 175 za kuwalipa wakandarasi waliokuwa wakidai kwa miaka mingi. Wakandarasi walistahili kulipwa, kwa sababu mali za wengine zilikuwa zimeshanadiwa na benki. Lakini tambua kwamba kila mwenye pikipiki anayejaza lita mbili sasa analipia barabara ambazo baadhi yake zilianza kujengwa kabla hajapata leseni, na fedha hizo zimeshatumika kabla hajazitoa mfukoni.

Sasa nikufanyie hesabu ya mwalimu wako. Tuseme mshahara wake ni shilingi 50,000, na tutumie viwango vya mwaka 2025. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, inachukua asilimia 6, yaani shilingi 3,000. Bima ya afya ya SHIF, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, inachukua asilimia 2.75, yaani shilingi 1,375. Ada ya nyumba za bei nafuu ni asilimia 1.5, yaani shilingi 750. Kisha PAYE, ushuru wa mapato unaokatwa mshaharani, inachukua takriban shilingi 5,850. Kinachobaki ni kama shilingi 39,000, kabla hajalipa mkopo wa SACCO (chama cha akiba na mikopo) wala karo. Anaposema kwamba mshahara haujapunguzwa ila kinachomfikia kimepungua, anasema ukweli mtupu, na hakuna hata kimoja kati ya vipengele hivyo vinne kilichoondolewa na maandamano.

Swali la kumuuliza mgombea, kwa maoni yangu, ni hili: ukifuta ushuru fulani, utaacha kufanya nini? Asipotaja mradi, idara au marupurupu kwa jina, basi anakuahidi mkopo.

Muagizaji wa Mizigo anajibu:

Mhasibu amesema kweli, lakini ameuanza mkanda katikati. Mwezi Januari 2024 dola moja ilikuwa ikiuzwa kwa takriban shilingi 160, na sisi tunaoagiza vipuri tulikuwa hatujui bei ya kesho. Sababu ilijulikana na kila mtu: Eurobond, yaani mkopo wa serikali kutoka kwa wawekezaji wa nje, ya dola bilioni 2 iliyochukuliwa mwaka 2014 ilikuwa inaiva Juni 2024, na masoko yalikuwa yakishuku kama Kenya ingeweza kuilipa. Zambia ilishindwa mwaka 2020, Ghana ikasimamisha malipo Desemba 2022, na wengi walidhani zamu yetu imefika. Serikali ilikopa upya dola bilioni 1.5 mwezi Februari, kwa gharama iliyopita asilimia 10, ikanunua sehemu kubwa ya deni la zamani, na katika wiki chache shilingi ikarudi karibu na 130 kwa dola.

Mkopo huo ulikuwa ghali, sikatai. Lakini mtu anayesema kwamba tungeweza kukataa ushuru, kukataa mikopo na kukataa kupunguza matumizi kwa wakati mmoja, huyo hajawahi kulipia kontena kule Mombasa huku dola ikipanda kila asubuhi.

Wakili wa Meru anajibu:

Waheshimiwa, mnajadili shilingi na kusahau kwamba suala lilikuwa pia la kuaminiana. Kumbukeni kwamba ushuru wa mkate, wa mafuta ya kupikia na wa magari uliondolewa kwenye Mswada tarehe 18 Juni, juma zima kabla ya Bunge kuvamiwa. Watu hawakurudi nyumbani kwa sababu hawakuamini kwamba kilichoondolewa mlangoni hakingerudi dirishani, na maelezo ya Mhasibu kuhusu ada ya barabara yanaonyesha kwamba hofu yao haikuwa ya bure.

Ibara ya 201 ya Katiba inataka uwazi, uwajibikaji na ushirikishaji wa umma katika masuala yote ya fedha za serikali, na inataka pia mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, ikitaja kasoro katika ushirikishaji wa umma. Mahakama ya Juu ikaupindua uamuzi huo tarehe 29 Oktoba. Kisheria, serikali ilishinda. Kisiasa, sidhani kama kuna mbunge ambaye leo anaweza kuupigia kura Mswada wa Fedha bila kufikiria kwanza simu za wapiga kura wake, na hilo ni badiliko ambalo halionekani kwenye hati ya mshahara ya mwalimu.

Mwalimu Mstaafu (Mombasa) anajibu:

Wanangu, mmezungumzia ushuru na mmezungumzia mikopo ya nje, lakini hakuna aliyetaja kwamba takriban nusu ya deni la Kenya liko humu humu nchini, na kwamba wanaoidai serikali ni benki, mifuko ya pensheni, kampuni za bima na watu binafsi. Mimi ni mmoja wao, kwa hiyo nitaeleza jinsi mambo yanavyoonekana upande huu wa pili.

Mwezi Februari 2024 Benki Kuu ilitangaza hati fungani ya miundombinu (mtu anaikopesha serikali na kulipwa riba) ya miaka minane na nusu. Serikali ilitafuta shilingi bilioni 70. Watu walileta zaidi ya shilingi bilioni 280, nayo ikakubali kuchukua karibu bilioni 241. Sababu ya msongamano huo haikuwa uzalendo. Riba ilikuwa asilimia 18.46 kwa mwaka, na hati fungani za aina hii hazikatwi ushuru hata shilingi moja. Kiwango cha chini cha kuingia kilikuwa shilingi 100,000. Nilitoa sehemu ya kiinua mgongo changu, na tangu wakati huo, kwa kila laki moja niliyoweka, ninaingiziwa takriban shilingi 9,230 kila baada ya miezi sita, nikiwa nimeketi barazani pangu.

Sasa nifuateni polepole. Fedha hizo zinazoingia kwenye akaunti yangu zinatoka wapi? Zinatoka katika PAYE ya yule mwalimu wa Nakuru, ambaye huenda nilimfundisha babake, na zinatoka katika VAT ya muda wa maongezi anaonunua mama muuza mboga. Mwalimu anakatwa ushuru kwa jasho lake. Mimi sikatwi kwa riba yangu. Nami ni mdogo sana katika safu hiyo, kwa maana anayeweka milioni mia mbili anapokea zaidi ya milioni 36 kwa mwaka kwa masharti yale yale, bila kuajiri hata mtu mmoja. Wakati huo huo, benki ambayo inaweza kuikopesha serikali kwa asilimia 18 bila wasiwasi haina sababu ya kusumbuka na Mwenye Duka anayeomba mkopo wa kuongeza rafu. Ndiyo maana ninasema deni la ndani halipaswi kusifiwa eti kwa sababu tunadaiana sisi kwa sisi. Tunadaiana, ndiyo, lakini anayelipa na anayelipwa si mtu mmoja.

Jambo ambalo vijana wengi hawakuliona, na siwalaumu kwa kuwa Mswada wenyewe ulikuwa msitu, ni kwamba ndani yake mlikuwa pia na pendekezo la kutoza asilimia 5 ya riba ya hati fungani mpya za miundombinu. Kipengele hicho kilizikwa pamoja na ushuru mwingine wote, na sisi wenye hati fungani hatukutoa hata chozi.

Msomaji wa Kinondoni anajibu:

Ninawasalimu kutoka Dar es Salaam. Huku kwetu tulipitia jambo linalofanana na hilo tarehe 15 Julai 2021, tozo za miamala ya simu zilipoanza kukatwa, zikifika hadi shilingi 10,000 za Tanzania kwa muamala mmoja mkubwa. Serikali ilieleza kwamba fedha hizo zingejenga vituo vya afya vya tarafa na madarasa, na kwa haki nitamke kwamba madarasa na vituo hivyo vilijengwa, na vingine nimeviona kwa macho yangu. Lakini watu walijibu kwa njia ambayo haikuhitaji bango wala kelele: walipunguza kutuma fedha kwa simu, wakarudi kwa makondakta wa mabasi na bahasha. Tozo ikapunguzwa mwaka 2021, ikapunguzwa tena 2022.

Ninachoona kwa jirani zetu ni kwamba ushuru unaoonekana hupata upinzani, na ule unaojificha ndani ya bei ya lita moja ya petroli hupita salama. Waziri yeyote wa fedha mwenye akili atajifunza somo hilo kabla ya mwananchi, na nadhani ameshajifunza, huku na huko.

Mwenye Duka (Nakuru) anajibu:

Nimesoma yote, na nimemsomea mwalimu wangu ile hesabu ya shilingi 39,000. Amesema ni yake kabisa, isipokuwa mkopo wake wa SACCO haukutolewa kwenye hesabu hiyo. Mzee wangu wa Mombasa, shikamoo. Nina swali moja la heshima. Kama pendekezo la asilimia 5 likirudi Bungeni kesho, peke yake, bila mkate wala mafuta, utaliunga mkono?

Mwalimu Mstaafu (Mombasa) anajibu:

Marahaba, mwanangu. Kwa hati fungani mpya, ndiyo, nitaliunga mkono, tena ningependekeza asilimia ipande kadiri kiasi kinavyokuwa kikubwa, ili mstaafu wa laki mbili asitozwe sawa na tajiri wa milioni mia mbili. Kwa zile za zamani, hapana, kwa kuwa serikali iliahidi kwa maandishi, na serikali inayovunja ahadi kwa wakopeshaji wake itatozwa riba kubwa zaidi safari ijayo, ambayo italipwa na huyo huyo mwalimu.

Ila usitarajie pendekezo hilo lirudi peke yake kabla ya Agosti 2027. Wenye hati fungani kubwa ndio wachangiaji wa kampeni, na hawahitaji kwenda barabarani ili wasikilizwe.