Majirani Kimanga: dada kaondoka, mtoto nimpeleke wapi

JUMATANO

Mama Iqram: Jamani habari za jioni humu. Dada wangu wa kazi kaondoka leo alfajiri, kapigiwa simu kwao Singida eti mama yake mgonjwa, mimi nahisi ni palizi tu. Baba Iqram yuko njia ya Tunduma na lori, bosi wangu Kariakoo kanipa mpaka Ijumaa nijipange. Anayejua dei kea ya uhakika hapa karibu aseme, mtoto ana miaka miwili na nusu, pampasi ni usiku tu

Mama Kelvin: Pole shoga. Wa kwangu aliondoka na vitenge vyangu viwili juu

Baba Glory: Mpeleke anaposoma Glory, geti la bluu ukishapita msikiti. Ingilishi midiam kuanzia getini. Glory miaka mitatu anahesabu wani mpaka fifti na homuweki kila siku, juzi mama yake kaifanya mpaka saa nne usiku

Kaka Bajaji: 😂😂 sasa hapo anasoma nani

Baba Glory: Cheka tu. Wakifika la kwanza tutaonana

Bibi Uji: 🎤 1:52

Mama Twins: Kwa wasio na bando, bibi anasema mtoto wa miaka miwili anaenda kusoma nini, huyo anataka wa kumnawisha na kumpakata akilia, na kama umekwama kabisa mlete pale kwenye meza yake ya uji akae naye. Mwishoni kuna mtu anaambiwa vitumbua vyake bado havijalipiwa, hilo halituhusu

Bibi Uji: Linamhusu mjumbe

Mjumbe: Bibi nimeona. Kesho

Mama Iqram: Bibi asante mama yangu, ila pale ni barabarani na karai la mafuta ya moto liko hapohapo, dukani nitakuwa nakata vitenge roho iko kwako

Bibi Uji: Kweli mwanangu. Bas jioni ntamfata mm huko atakapokuwa ww foleni ya tabata naijua

Mwalimu Mstaafu: Habari zenu wanangu. Nimesoma kuanzia juu.

Mama Iqram: Shikamoo mwalimu, nilikuwa nakusubiri wewe

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Nimefundisha awali mpaka nikastaafu kwa hiyo mtanivumilia nikiandika kirefu. Mtoto wa miaka mitatu mifupa midogo ya kiganja bado haijakomaa, ukimkamatisha penseli aandike a a a a mstari mzima anaishika kwa ngumi kama mchi, na nikimpata wangu ana miaka mitano namkuta ameshika vibaya na kumbadilisha ni kazi kuliko kumuanzisha. Vidole vinatengenezwa kwa kufinyanga udongo, kufunga vifungo vya shati, kuvaa kandambili mwenyewe, kuchambua maharage na bibi. Hesabu hivyohivyo, akipanga vizibo vya soda akakwambia hivi vingi hivi vichache huyo ameanza hesabu, huyu wa wani mpaka fifti mpe vizibo vitano umuulize vingapi uone kama hataanza kuimba. Na lugha, mtoto anajifunza kuongea kwa kuongeleshwa akajibu akaulizwa tena, katuni haimsubiri ajibu. Hata mtaala mpya wa awali ulioanza 2024 umejaa michezo, nyimbo na hadithi na hao ni wa miaka mitano, sembuse huyu wa miwili na nusu

Mama Twins: Mwalimu nakubali yote ila kwa wa Iqram vizibo na maharage muwe mmekaa naye macho kodo. Zahanati tunatoa sana vitu puani

Mwalimu Mstaafu: Sahihi nesi. Huyo mpeni vifuniko vikubwa vya ndoo

Baba Glory: Mwalimu kwa heshima zote, wewe ulifundisha zamani. Siku hizi bila kingereza mtoto anaenda wapi. Mimi mwenyewe intavyuu zimenitoa jasho kwa ajili ya hicho kingereza, sitaki na mwanangu

Mwalimu Mstaafu: Hilo nakuelewa baba na sikulaumu. Ila anayemfundisha huyo Glory kingereza umeshakaa ukaongea naye?

Baba Glory: Tunaonana getini

Kaka Bajaji: Anasemaga "gudi mowningi" mpaka saa kumi jioni

Mama Kelvin: 😂😂😂 jamani

Mama Kelvin: Na mimi nidandie. Kelvin ametimiza minne, nataka nimwingize awali pale shule ya msingi si ni bure, nikisema ana mitano nani anajua

Mwalimu Mstaafu: Cheti cha kuzaliwa kinajua. Awali ni mwaka mmoja, anaingia wa miaka mitano, wa sita anakwenda la kwanza. Ada kweli hakuna tangu 2016 lakini darasa lile limejaa, mwalimu mmoja na watoto mpaka mlangoni, wa miaka minne humo anapotea, ataomba kwenda chooni mwalimu hamsikii. Subiri mwakani

Mama Kelvin: Mwaka mzima nafanyaje naye mwalimu mm nasuka watu

Kaka Bajaji: Mpeleke bweni wawili hao na twins wote, mtaa upumue

Mwalimu Mstaafu: Bweni kuanzia awali mpaka la nne Kamishna wa Elimu alishapiga marufuku, Machi 2023. Usiwadanganye wenzio

Mjumbe: Naomba nichangie kama kiongozi

Bibi Uji: Lipa vitumbua

Mjumbe: Bibi tafadhali. Kabla ya penseli na kingereza tuanze na usajili. Kituo cha kulelea watoto mchana kinasajiliwa na ustawi wa jamii kwa Sheria ya Mtoto ya 2009. Wengi wanakuonesha leseni ya biashara wanakwambia tumesajiliwa, ile ni ya kufanyia biashara hata saluni anayo. Ulizeni cheti cha kituo, na ukiwa na mashaka afisa ustawi wa jamii wa kata yupo muulize. Mimi nimekaa kwenye kikao cha MMMAM nayajua haya

Kaka Bajaji: Cha mmm nini?

Mjumbe: Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Ni programu ya taifa, ilizinduliwa Desemba 2021, kuanzia mimba mpaka mtoto anafikisha miaka minane. Afya, lishe, ulinzi, ujifunzaji na malezi yenye mwitikio

Bibi Uji: Mwitikio ndo nn

Mjumbe: Mtoto akilia unamwitikia

Bibi Uji: Kikao kizima kwa ajili ya hilo

Auntie Rose: Jamani mimi wangu ana miezi miwili tu, siku zangu 84 zinaisha mwezi ujao nikisoma humu naogopa hata kurudi kazini

Mama Twins: Rose ukirudi dai muda wa kunyonyesha, sheria ya ajira ya 2004 inakupa mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Wengi hawadai. Njoo inboksi nikufundishe kukamua na kuhifadhi maziwa

Mama Twins: Mama Iqram wewe nisikilize kitu kimoja. Usiende asubuhi, asubuhi kila mahali kumefagiliwa. Nenda saa sita au saa saba mchana bila kupiga simu. Angalia wanalalia nini, choo kikoje, jiko liko wapi, maji ya kunywa yametoka wapi, mlezi mmoja ana watoto wangapi mkononi. Ukikuta watoto wote wamelala fofofo saa nne asubuhi uliza wamepewa nini, maana kuna walezi wanatumia dawa za maji za mafua na mzio zile zinazoleta usingizi, nimeshapokea mtoto kaletwa hashtuki hata ukimfinya. Na uliza mtoto akipata homa wanampigia nani na wanampa nini, jibu zuri ni hawampi kitu bila wewe

Mama Iqram: Mungu wangu

Baba Glory: Kwa kina Glory hakuna hayo mambo

Mama Twins: Sijasema kwa kina Glory baba

ALHAMISI

Mama Iqram: Nimerudi, miguu imevimba. Nilianza geti la bluu saa sita na nusu, nimegonga nimesubiri muda mrefu ndio nikafunguliwa. Usafi upo sisemi uongo, ukuta umechorwa vizuri, ila watoto wote wamekaa kwenye viti wanaangalia tv, wasichana wawili wako nje wanachati. Nikauliza cheti cha ustawi wakaniambia bosi kaenda nacho mjini. Ada laki na nusu

Baba Glory: Inawezekana kweli kaenda nacho

Mjumbe: Cheti kinatakiwa kiwe ukutani baba

Mama Iqram: Halafu nikaenda kile cha nyuma ya soko, cha yule mama mwembamba. Nje hakina hadhi kabisa, bati limepauka. Nimeingia watoto wako chini ya mwembe kwenye mchanga, wengine wanapika matope, dada mmoja kakaa katikati yao anaulizwa "unataka chapati" anajibu "nataka na chai", wanamletea. Cheti kipo ukutani. Jiko limefungiwa. Ana daftari la kuchukulia mtoto, usipoandikwa humo hupewi mtoto hata ukija na soda. Elfu sitini kwa mwezi, uji wa saa nne wanapika wao, chakula cha mchana nafunga mwenyewe. Kiswahili tu

Mwalimu Mstaafu: Huyo mama alikaa kwangu mazoezi ya kufundisha. Mkali kwa usafi

Mama Kelvin: Na wa miaka minne anachukua??

Mama Iqram: Anachukua, kasema nafasi ziko mbili. Wahi

Mama Kelvin: Naenda na kichwa cha mteja hivihivi

Mama Iqram: Tatizo Iqram alipoona naongea na yule mama kanishika gauni analia, nikaanza kulia na mimi

Mwalimu Mstaafu: Kawaida. Kesho Ijumaa nenda ukae naye kama saa moja hivi, Jumatatu mwache nusu siku. Usimtoroke akiwa anacheza, muage, atalia, wewe nenda. Ukimtoroka kesho yake hatacheza tena atakuwa anakulinda. Na mpe kitu chenye harufu ya nyumbani, khanga yako inatosha

Mama Iqram: Nusu siku nani atamchukua mwalimu, mimi niko Kariakoo

Bibi Uji: Mm. Saa sita uji unakua umeisha. Andika jina langu kwa daftari, lile la kitambulisho sio bibi uji

Mama Iqram: Mungu akuweke bibi. Tayari nakuandika

Baba Glory: Mimi Glory simtoi, wameshazoeana na wenzie na mama yake hatakubali. Ila Jumatatu naingia ndani, siishii getini. Na cheti nakiomba

Mjumbe: Nitakusindikiza

Kaka Bajaji: Mama Iqram asubuhi nawabeba, saa kumi na mbili na nusu niko getini kwako. Buku mbili

Mama Iqram: Buku mbili kutoka hapa mpaka sokoni?? Na umpakate wewe au?

Kaka Bajaji: Buku na nusu basi, na abiria wengine sitawajaza

Bibi Uji: Mjumbe ni leo

Mjumbe: Nakuja bibi, nimeshavaa viatu