Kizuia matangazo kimezimwa kwenye kompyuta za dukani: niweke uBlock Origin Lite au nihame brauza?

Wakuu, habari za jioni.

Nina steshenari ndogo hapa Mbeya, kompyuta tatu: kuprinti, kutoa kopi, kujazia watu fomu. Miaka yote mashine zote zilikuwa na kizuia matangazo kiitwacho uBlock Origin, nikasahau kabisa kama kuna matangazo duniani. Sasa imezimwa, naambiwa haitumiki tena. Wiki iliyopita mteja alitafuta programu ya kuunganisha PDF, ukurasa una vitufe vinne vya "Pakua" na vitatu ni matangazo. Akabonyeza cha kijani. Nimeshinda siku nzima nasafisha mashine, na bando la mwezi limekata tarehe 19.

Kijana mmoja kanishauri niweke uBlock Origin Lite, toleo lake jepesi. Mwingine kanitumia faili Telegram, eti brauza ya zamani, kila kitu kinarudi. Nishike lipi? Na hivi, mtu anapata wapi haki ya kunizimia kitu nilichoweka mwenyewe?

FundiWaya:
Hilo faili usiliguse, mkuu. Brauza ya zamani haipati tena marekebisho ya usalama, na wateja wako wanaandika namba zao za siri humo humo.

Brauza hukuitaja, ila kwa dalili hizo ni Chrome au ndugu zake. Kanuni mpya za viendelezi (programu ndogo zinazopachikwa kwenye brauza, kama hicho kizuia matangazo chako), ziitwazo Manifest V3, Google waliziweka mezani tangu mwishoni mwa 2018. Juni 2024 wakaanza kuviondoa viendelezi vya kanuni za zamani, na Chrome 139 ya 2025 ikafunga hata upenyo waliokuwa wameziachia kampuni.

Zamani kizuia matangazo kilikuwa konda mlangoni: kila anayetaka kupanda anamkagua, anaamua papo hapo. Sasa konda kashushwa. Anamwandikia dereva orodha ya wasiotakiwa kabla gari halijaondoka, na anayeamua ni dereva, yaani brauza. Orodha yenyewe ina ukomo: kila kiendelezi kina uhakika wa kanuni 30,000, kuzidi hapo vinagawana fungu moja. Na dereva huyu mwajiri wake anakula kwa matangazo.

Binti_Kigamboni:
Kaka Fundi, tuwe wakweli kidogo. Kiendelezi chenye ruhusa ya kukagua kila ukurasa ni hatari. Kuna vilivyouzwa kimyakimya kwa wamiliki wapya vikageuka wapelelezi. Kanuni mpya pia zinakataza kiendelezi kuvuta msimbo wa programu kutoka nje na kuuendesha, na hilo mimi naliunga mkono.

FundiWaya:
La msimbo wa nje nakubali, dada. La upelelezi hapana. Kiendelezi chenye ruhusa bado kinaweza kutazama maombi yote ambayo brauza inatuma mtandaoni, kilichoondolewa ni uwezo wa kuyazuia papo hapo. Mwizi kaachiwa macho, mlinzi kanyang'anywa rungu.

Mzee wa Blogu:
Kumbukeni na sisi tunaoandika bure, hayo matangazo ndiyo yanayolipia seva. Ila vitufe feki vya kupakua sivitetei.

Kichuguu:
Nirudi kwenye swali. Lite si mbaya. Ni ya Raymond Hill yule yule aliyetengeneza uBlock Origin, na ni nyepesi. Kwa mashine ya fomu na kuprinti inatosha, ukikuta iko ngazi ya msingi, ipandishe tu kwenye mipangilio. Kasoro yake ni kwamba orodha ikibadilika, unasubiri toleo jipya la kiendelezi kizima. Ukiitafuta soma jina vizuri, maana "uBlock" bila Origin ni mradi wa watu wengine.

Ukitaka ile kamili, weka Firefox. Mozilla wameacha uwezo wa kuzuia hata kwa viendelezi vya kanuni mpya. uBlock Origin inafanya kazi mpaka kwenye Firefox ya simu za Android, wakati Chrome ya Android haipokei viendelezi kabisa. Brave nayo ina kinga iliyojengwa ndani, hivyo kanuni hizi haziigusi.

Mleta mada:
Ahsanteni sana. Nimeweka Firefox kwenye mashine ya wateja na Lite kwenye mbili zangu, nione mwezi huu bando litafika tarehe ngapi. Mteja wa kwanza asubuhi kauliza "intaneti iko wapi", kumbe anatafuta alama aliyoizoea. Maneno ya siri yaliyokuwa kwenye brauza ya zamani nimeyahamisha kwa faili la CSV, lile la maandishi ya kawaida.

Binti_Kigamboni:
Hilo faili la CSV lifute sasa hivi kaka, maneno ya siri humo yako wazi kama karatasi ya kopi. Na kwenye pipa la taka pia.

Mleta mada:
Duh. Lilikuwa kwenye desktopu.