Mrejesho: kuhama Texas na leseni ya uuguzi

Niliuliza muuguzi atahamaje Texas, ambako utoaji mimba umepigwa marufuku karibu kabisa tangu 2022, bila kupoteza kazi. Asanteni sana kwa majibu. Kumbe inategemea unakokwenda. Colorado, kama Texas, imo kwenye mkataba wa majimbo ya Marekani wa kutambuana leseni za uuguzi: unaanza kazi na leseni ya zamani, mradi iwe ya majimbo mengi (ya jimbo moja haivuki mpaka), kisha uombe mpya ndani ya siku 60 baada ya kuhamia. Illinois haimo, kwa hiyo omba kabla ya kufunga mizigo; alama za vidole na uhakiki huchelewesha. Wanaoumia zaidi ni wenye Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Hiyo haihami na mtu, huombwa upya ukishafika, na mjamzito asingoje hata siku moja. Mwenye grini kadi aripoti anwani mpya ndani ya siku 10.