Mzee wa benchi pale Boston

Mjomba (Boston): Asalaam aleykum nyote. 📷 Nimepita Faneuil Hall nikakaa kidogo na huyu mzee wa shaba. Nimemkumbuka binti yetu aliyenuna.

Bibi: Waaleykum salaam baba. Na hilo lisigara mkononi, nani huyo?

Mjomba: Shikamoo mama. Red Auerbach, kocha wa Boston Celtics, timu ya mpira wa kikapu ya hapa, 1950 hadi 1966. Ubingwa mara 9, na 8 kati ya hizo mfululizo! Lisigara aliliwasha palepale benchi mechi haijaisha, akishaona ushindi umo kibindoni. Wapinzani walikuwa wanachemka.

Bibi: Marahaba. Makubwa!

Binti: Shikamooni. Sijanuna mjomba. Nimefanya mazoezi mwezi mzima, halafu kocha ananiweka benchi.

Mjomba: Marahaba mwanangu. Ndiyo maana nimekutumia picha. Wenzake walianza na watano wao bora. Yeye mmoja wa wale bora alimweka pembeni kwa makusudi. Kwanza Frank Ramsey, halafu John Havlicek aliyekuja 1962. Wapinzani miguu ikianza kuwa mizito, wanaanza kuingiza akiba, ndipo huyo anainuka na pumzi zake zote. Anawakimbiza mpaka wanashika viuno.

Binti: Lakini akiba ni akiba tu mjomba 😔

Mjomba: Havlicek alistaafu 1978 na pointi 26,395. Mpaka leo hakuna aliyezifikia kwa jezi ya Celtics.

Binti: Eh!

Mama Mdogo: Kaka, umeacha kubwa. 1950 Celtics walimchukua Chuck Cooper, mweusi wa kwanza kuchaguliwa kwenye drafti (zamu za timu kuchagua wachezaji wapya) ya NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani. Halafu 26 Desemba 1964 kule St. Louis, mchezaji wao Tom Heinsohn kaumia, Auerbach akamwanzisha Willie Naulls pamoja na wenzake Russell, Sanders na akina Jones wawili. Weusi watano wanaanza mechi, NBA haijapata kuona! Sheria ya haki za kiraia, iliyopiga marufuku ubaguzi Marekani, haijatimiza hata miezi sita. Kila nikikumbuka nasisimka.

Bibi: Mzee alikuwa na moyo.

Mama Mdogo: Na 1966 alipoacha ukocha akamkabidhi timu Bill Russell, kocha mkuu mweusi wa kwanza wa ligi ile.

Mjomba: Kweli dada. Na ofisini, akiwa meneja mkuu wa timu, ndiko alikozidi kuwa mjanja. Kwenye drafti ya 1978 timu 5 zilimwacha Larry Bird kwa kuwa bado alikuwa na mwaka mmoja chuoni. Auerbach akamchukua, akasubiri. 1980 akawapa Golden State nafasi ya kwanza na ya 13 za drafti, wakampa Robert Parish na nafasi ya tatu. Kwa hiyo ya tatu akamchukua Kevin McHale. Bird, Parish, McHale: ubingwa 1981, 1984 na 1986. Na McHale naye miaka mingi alikuwa anatokea benchi!

Shangazi: Mpwa wangu, mechi lini? Nakuja na maji na machungwa.

Binti: Jumamosi saa 10 jioni shangazi. Mjomba, sasa nikikaa pale nifanye nini?

Mjomba: Kaa jirani na kocha. Usiufuate mpira kwa macho, mtazame yule utakayemkaba. Anachoka saa ngapi, anapenda kupita upande gani.

Binti: Namba 7 wao hawezi kudunda mpira kwa mkono wa kushoto. Nilimwona muhula uliopita.

Mjomba: Kamwambie kocha wako kesho asubuhi.