Mtoto wa kwanza yuko njiani: kitanda, kabati, kiti cha kubembea, kipi ni lazima na kipi ni mbwembwe?

Baba Kijacho

Wakuu, habari za jioni. Sina maneno mengi. Mama watoto mwezi wake ndio huu unaokuja, Mungu akipenda, na ni uzao wetu wa kwanza. Tumepanga chumba na sebule Tabata Segerea. Yeye ni mwalimu wa msingi, mimi natunza stoo kwenye kampuni ya watu.

Sasa kila nikishika simu naletewa vyumba vya watoto wachanga. Kitanda cha fito, kabati la droo, meza ya kubadilishia nepi, kiti cha kubembea cha mama kunyonyeshea, neti ya mwavuli, woka ya kujifunzia kutembea. Nikijumlisha jasho linanitoka. Usiku usingizi hauji. Naogopa walimu wenzake waje kumwona mtoto waanze kukagua nyumba kwa macho.

Naomba wenye uzoefu mniambie, katika hivyo, kipi cha lazima? Matusi sitaki, nina mawazo tayari.

Nawasilisha.

Mlalahoi Mstaafu

Siti ya mbele, nimekuja na karanga.

Mtoto anazaliwa na kilo tatu. Nyama kilo tatu huwa unaitengenezea meza yake? Nepi inabadilishwa kitandani, juu ya kanga, na maisha yanaendelea.

Bi Mkubwa wa Tanga

Mwanangu, hongera kwanza. Hawa wote wamerukia fanicha, hakuna aliyekupa hongera.

Mie nimezaa saba, wa kwanza nilimlaza kwenye susu iliyofungwa kwenye boriti, hata kitanda changu mwenyewe kilikuwa cha kamba. Mtoto anataka maziwa, mama yake, na kanga kuukuu zilizolainika, si hizi mpya zenye dondo zinazomchubua. Mkwe wangu yupo huko Dar, alinunua kitanda kama cha benki, vyuma vitupu. Mtoto akilazwa humo analia, akitolewa ananyamaza. Mwisho wakaweka nguo za kupiga pasi. Na mpaka leo huyo mkwe hajaleta mjukuu nimwone tangu Idi, lakini hayo tuyaache.

Mbongo Toronto

Woka futa kabisa kwenye orodha. Huku Kanada ni marufuku kuziuza tangu 2004, hata ile kuukuu ya jirani huruhusiwi kuiweka sokoni. Mtoto anakwenda kasi kuliko akili yake, anafika kwenye ngazi au kwenye jiko kabla hujageuka. Na wala haimsaidii kutembea mapema.

Na mtu asicheke mtoto kulala kwenye boksi: Ufini serikali inawapa akina mama boksi la vifaa vya mtoto tangu 1938, mwanzo kwa wenye kipato kidogo, halafu 1949 wakapewa wote. Ndani kuna nguo na kigodoro, na boksi lenyewe linatumika kama kitanda. Nchi tajiri hiyo.

Mlalahoi Mstaafu

Mimi nimelala kwenye boksi la sabuni. Kumbe nilikuwa Mfini sijijui.

Mpiga Randa wa Keko

Niseme kidogo maana ni kazi yangu. Kitanda cha mtoto si kibaya, kibaya ni kukichonga kwa macho. Angalia nafasi kati ya fito na fito, isizidi sentimita 6. Ikizidi, kiwiliwili cha mtoto kinapita, kichwa kinabaki. Wateja wananiambia "punguza fito fundi, bei ishuke". Sipunguzi. Kona usiweke vichwa vya urembo vilivyochomoza, nguo inanasa pale. Godoro libane kwenye fremu, vidole viwili vikipita pembeni ujue ni dogo. Na ule upande wa kushusha na kupandisha mimi sitengenezi. Marekani waliupiga marufuku 2011 baada ya watoto kubanwa.

Mleta uzi, wewe ulikuwa unafikiria mbao gani?

Baba Kijacho

Asante fundi. Mninga, fito unene wa inchi moja, urefu futi nne na nusu, upana futi mbili na nusu, chini droo mbili za kuvuta, vanishi isiyo na harufu. Nafasi kati ya fito sentimita 8.

Nesi wa Zamu

Hujambo baba. Mtu anayeuliza "kipi ni lazima" hajui unene wa fito. Wewe unajua mpaka vanishi. Umeshaagiza?

Baba Kijacho

Dada nesi, tusifike huko. Nimeuliza kwa ujumla.

Nesi wa Zamu

Na mimi naongea kwa ujumla. Mtoto mchanga alale chali, mahali bapa na pagumu kiasi, chumba kimoja na wazazi. Asiwekewe mto, midoli wala blanketi zito. Neti ni lazima, na hiyo hununui, mama anapewa kliniki. Akilala na mama kitandani, kama wengi wetu tulivyolala, basi baba aliyetoka baa akalale sebuleni. Kwenye kochi asilazwe na mtu yeyote, ndiko wanakozama kwenye mito. Beseni la kuogea, la plastiki, linatosha. Nguo chache ziwekwe kwenye droo za plastiki.

Sasa nijibu mawili. Umeshaagiza au hujaagiza? Na mama anajifungulia wapi?

Baba Kijacho

Sawa. Nimetoa advansi. Laki nne, kati ya laki saba na nusu. Lakini jamani kitanda cha mninga ni mali, kinarithiwa. Mtoto wa pili atakitumia, hata wa tatu. Na zile droo za chini ndizo kabati lenyewe, kwa hiyo nimeokoa hela ya kabati. Nimepiga hesabu vizuri.

Mama Wawili

Chumba chenu kina ukubwa gani?

Baba Kijacho

Futi kumi kwa kumi. Kitanda chetu tano kwa sita, na kabati letu la nguo. Kitaingia, nimepima kwa kamba.

Mama Wawili

Kamba haifungui mlango wa kabati saa nane usiku ikitafuta nepi. Na zile droo za chini zinavutiwa wapi, kwenye mguu wako? Mimi nilikuwa na chumba kama hicho Kimara, tulikuwa tunapita ubavuubavu. Mtoto akilia mume wangu ananyanyuka, anajigonga goti, analia yeye kuliko mtoto.

Nesi wa Zamu

Swali la pili hujajibu. Anajifungulia wapi?

Baba Kijacho

Kwao. Marangu.

Nesi wa Zamu

Anaondoka lini, anarudi lini?

Baba Kijacho

Anaondoka wiki ijayo. Atarudi likizo ikiisha. Mama yake ndiye aliyesema, mimi kuhusu mambo ya mzazi kulishwa mtori sina kauli. Lakini kitanda lazima kimkute hapa akirudi. Ndiyo heshima.

Mlalahoi Mstaafu

Ngoja kwanza. Likizo ya uzazi ni siku 84, wakiwa mapacha ni 100. Kwa hiyo kitanda cha laki saba na nusu kitakulaza wewe? Futi nne na nusu, ukikunja magoti unaenea.

Mchaga Halisi

Mmegusa penyewe. Kule kwetu mzazi hashiki ufagio. Mtori asubuhi, supu mchana, jioni tena mtori, kila siku ndizi na nyama, mpaka anarudi mjini sketi hazifungi. Mdogo wangu alipojifungua, mama alichinja mbuzi, shemeji akaja kutoka Dar kuangalia mtoto wa wiki mbili, akala mbuzi siku nne akaondoka hajamshika mtoto. Ilikuwa Desemba, nauli zimepaa, akarudi amesimama mpaka Korogwe. Na mtori wa kweli unasagwa kwa mwiko, hamuwezi kuniambia blenda ni sawa.

Bi Mkubwa wa Tanga

Blenda ni sawa, ila nyama ichemke kwanza.

Nesi wa Zamu

Tuwaachie mtori. Baba, huyo mama ana wiki ngapi? Dar mpaka Marangu ni zaidi ya kilomita 500 kwenye kiti cha basi. Kabla hajapanda, apite kliniki apimwe, waseme wao kama asafiri, na kadi asiiache nyumbani. Akifika huko ajue kabisa kituo atakachokwenda. Dharura ikitokea usiku na gari hakuna, piga 115, ni namba ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito, haikatwi salio. Na hela ya gari na ya vifaa vya kujifungulia iwe mkononi mwake, siyo mkononi mwa fundi. Hiyo laki nne ilitoka wapi?

Baba Kijacho

Ni hela ya familia.

Mama Wawili

Familia ni wewe au yeye?

Baba Kijacho

Ni ya kikoba chake. Walivunja mwezi uliopita, akaniachia nitunze. Hajui bado. Nilitaka iwe sapraizi. Wakuu msinishambulie, nia yangu ilikuwa njema, na kila mwanamume hapa anajua hofu ya mtoto wa kwanza. Ningekula hela baa mngesema nini? Nimeweka kwenye mbao.

Mama Wawili

Kwa hiyo umechukua hela ya mwanamke mwenye mimba ya miezi minane ukaifanya droo.

Mchungaji wa Mtandaoni

Ndoa nyingi zinavunjika kwa siri za fedha. Mwanamume kichwa cha nyumba, lakini kichwa bila shingo hakigeuki. Nilikuwa na mafundisho ya jambo hili, wanaohitaji

Mlalahoi Mstaafu

Mchungaji, sadaka baadaye.

Mfukunyuku

Nimekaa kimya nasoma. Hii ni chai, tena imezidi sukari.

Baba Kijacho, mwezi wa pili ulileta uzi unatafuta chumba kimoja Mwanza, maeneo ya Nyegezi, ukaandika mwenyewe: "mimi ni kijana mmoja, sina mke wala mpango huo". Leo una mke mwalimu, mimba ya miezi minane, na ni mkazi wa Segerea. Piga hesabu ya vidole.

Halafu huyu Mpiga Randa wa Keko kajiunga jana. Jana! Mmoja anauliza kitanda, mwingine anajitokeza anajua fito, bei inatajwa katikati. Huu siyo uzi wa ushauri, ni tangazo la mbao lililovaa ubwabwa shingoni.

Baba Kijacho

Akaunti hii natumia na mdogo wangu. Yeye ndiye yuko Mwanza.

Mlalahoi Mstaafu

Mdogo wangu wa akaunti! Kila jukwaa yupo, hajawahi kuonekana.

Mpiga Randa wa Keko

Mimi nimejiunga jana kwa sababu jana ndiyo nimepata simu. Huyu jamaa simjui. Ningekuwa natafuta mteja ningesema sipunguzi fito ili bei ishuke? Kwanza fundi aliyemwachia fito sentimita 8 siyo mimi, na ningependa kumjua.

Kaka wa Mbezi

Fundi, samahani kwa kuingilia. Kabati la vyombo la milango mitatu, mkongo, unafanya bei gani?

Mfukunyuku

Mnaona?

Mama Wawili

Hata kama ni chai, mimi nimeshafika katikati ya kikombe. Baba Kijacho, kama upo kweli: kitanda kimefikia wapi?

Baba Kijacho

Nimetoka kwa fundi sasa hivi. Fremu imesimama, fito zimekatwa lakini hazijagongwa. Kurudisha hela hataki, anasema mninga haurudi kuwa mti. Nimemwambia aongeze fito, nafasi iwe sentimita 5 na nusu, anataka elfu arobaini juu. Nimekubali aondoe droo, tumalizane kwa hiyo hiyo laki nne na elfu arobaini. Kiti cha kubembea na meza nimeacha. Woka sitaki hata kuisikia.

Kuhusu mama watoto, nimemwambia. Amesema apewe shilingi laki mbili kabla ya basi, nitakapoipata ni juu yangu. Kwa hiyo naenda kuomba advansi ya mshahara kesho. Ila bado nasema kitanda kilikuwa wazo zuri, mtalisema wenyewe mtoto akianza kusimama.

Nesi wa Zamu

Umesema umemwambia, vizuri. Kliniki akapimwe kabla ya safari, usinijibu kuhusu fito.

Mama Wawili

Advansi wasipokupa, mimi natafuta kitanda cha mtoto, wangu ana miezi mitano na yupo hapa hapa Dar, hahitaji kusubiri siku 84. Laki nne na nusu taslimu, nakifuata mwenyewe kwa fundi nikishapima fito na rula yangu. Mkeo akirudi utamtengenezea kingine taratibu.

Baba Kijacho

Laki tano.

Mfukunyuku

Wasimamizi, bei imetajwa, mteja kapatikana, wanapatana mbele yetu. Hamishieni huu uzi kwenye matangazo madogo.

Kaka wa Mbezi

Fundi, bado hujanijibu la kabati.